Sindano, sufu na hema: Kazi ya mikono inayomfaa msafiri wa Kegonga

JUA linapotua nyuma ya vilima vya Kegonga, eneo la Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, baridi huteremka upesi kuliko wageni wengi wanavyotarajia. Wengi wao hufika wakiwa wamejiandalia joto, kwa kuwa jina Migori huwakumbusha Ziwa Victoria na ufuo wake. Aliyepiga hema hapo hung'amua mapema usiku kwamba shuka moja haimtoshi, na kwamba sweta ni sehemu ya mzigo sawa na sufuria na tochi.

Saa hizo ndizo pia ambazo msafiri wa mahema hukosa shughuli. Kegonga iko karibu na Ikweta, na kwa hivyo mwaka mzima giza huwa limetanda kufikia saa moja na nusu jioni. Chakula kimekwisha kuliwa, chaji ya simu inawekewa akiba ya kesho, na usingizi bado. Ni katika saa hizo mbili au tatu ambapo kazi mbili kongwe, kusokota uzi kwa mkono na kufuma kwa sindano, hupata nafasi ambayo nyumbani ni nadra kuipata.

Nchini Kenya kazi hizo zimezoeleka kuonekana kama za nyanya aliyeketi barazani, au za wasichana katika somo la sayansi kimu. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba tangu zamani zimekuwa kazi za watu walio njiani. Isitoshe, msafiri anayetoka Nakuru kuelekea Kegonga kwa barabara, huku akitengeneza uzi wake mwenyewe, huishia kuelewa jambo ambalo wengi hawajapata kujiuliza: ni kwa nini nchi yenye mamilioni ya kondoo huvaa masweta ambayo hayakutoka kwa kondoo yeyote.

Kazi ya watu walio njiani

Kifaa cha kwanza cha kusokotea uzi hakikuwa gurudumu wala mashine. Kilikuwa kijiti chembamba kilichopenyezwa katika kibao, jiwe au kigae cha duara ili kizunguke kama pia. Kifaa hicho huingia mfukoni, hakihitaji meza, na mtu huweza kukitumia akiwa amesimama, akitembea au akichunga mifugo.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikijua kifaa hicho karne nyingi zilizopita. Wanaakiolojia waliochimba magofu ya Kilwa na ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, walipata vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyotumiwa kusokotea pamba. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji huo zilisafirishwa hadi Misri.

Kwingineko duniani hali ilikuwa hiyo hiyo. Katika milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia, wanawake husokota sufu wakitembea nyuma ya mifugo hadi leo. Wachungaji wa eneo la Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walifuma soksi huku wakiwa wamesimama juu ya mironjo waliyoitumia kuvukia ardhi ya kinamasi. Naye Mohandas Gandhi, mpigania uhuru wa India, alitumia gurudumu dogo la kusokotea pamba linalokunjwa na kubebwa kama sanduku, na akaendelea na kazi hiyo melini alipokwenda London mwaka 1931.

Hapa nyumbani, mfano ulio karibu zaidi ni wa akina mama wa Ukambani na Mlima Kenya, ambao kwa vizazi vingi wamesuka viondo wakienda sokoni, wakisubiri gari au wakiwa mkutanoni. Katani husokotwa kwa kiganja juu ya paja, kisha vidole huendelea kusuka wakati macho na mdomo vinashughulika na mengine. Anayefuma sweta mbele ya hema Kegonga hafanyi jambo geni. Anabadilisha malighafi tu.

Kondoo wapo, sufu haipo

Tatizo la kwanza la msafiri wa aina hiyo ni malighafi yenyewe. Wakuria ni wafugaji, na kondoo huonekana wakilisha kandokando ya njia pamoja na ng'ombe na mbuzi. Mgeni anaweza kudhani kwamba amefika palipo na sufu tele. Akimshika kondoo mmoja, atagundua kwamba mwili wake umefunikwa kwa nywele fupi zilizolala, mithili ya zile za mbuzi.

Kondoo hao wa asili, wenye mikia minene ya mafuta, ni jamii moja na kondoo wekundu wa Wamaasai walio jirani katika eneo la Trans Mara. Sifa yao kubwa ni uvumilivu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, kwa mfano, hujulikana na watafiti kwa kustahimili minyoo ya tumboni inayowaua kondoo wa kigeni. Lakini nywele zake hazifai kusokotwa.

Sababu ni umbo la unyuzi wenyewe. Unyuzi wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na pia umejikunjakunja kama chemchemi. Magamba na mikunjo hiyo hufanya nyuzinyuzi zishikane zinapopindwa pamoja. Unyuzi wa nywele ni laini, umenyooka na ni mfupi. Ukipindwa huteleza na kuachana.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu zaidi ya kondoo milioni 17 nchini Kenya, na wengi wao ni hao wa nywele. Kondoo wa sufu hupatikana katika nyanda zenye baridi: Njoro, Molo na Mau Narok katika Kaunti ya Nakuru, sehemu za Nyandarua, na Timau karibu na Mlima Kenya. Aina zao ni Merino, Corriedale, Romney Marsh na Hampshire Down.

Kondoo hao waliletwa na walowezi. Lord Delamere, aliyepata shamba kubwa Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900, aliagiza madume kutoka ng'ambo na kuyapandisha na majike ya Kimaasai. Kondoo wengi walikufa. Baadaye ilibainika kwamba udongo wa sehemu hizo ulikosa madini muhimu, hasa kobalti, ambayo mnyama huhitaji ili kutengeneza damu. Ufugaji ulishika mizizi baada ya makosa mengi na hasara kubwa.

Siku hizi changamoto ya mfugaji wa sufu si madini bali soko. Kondoo wa sufu lazima anyolewe kila mwaka, la sivyo manyoya humlemea, hushika uchafu na kumtesa wakati wa joto. Mfugaji hugharamika kwa kazi hiyo hata pale ambapo bei ya sufu hairudishi gharama. Ndiyo maana wengi wamegeukia nyama na kuingiza damu ya Dorper, aina iliyotokea Afrika Kusini ambayo hukua haraka na haihitaji kunyolewa kama Merino. Kila kizazi cha machotara hao huzaliwa na sufu pungufu.

Sweta lililotoka katika mafuta ya petroli

Ikiwa sufu haina soko, Wakenya huvaa nini wakati wa baridi? Jibu limeandikwa katika kibandiko kidogo cha ndani ya nguo: akriliki. Nyuzi hizo hutengenezwa kutokana na kemikali za mafuta ya petroli, na zilianza kuuzwa kwa wingi duniani kuanzia mwaka 1950. Masweta mengi ya shule, ambayo hufumwa kwa mashine katika vibanda na karakana za miji kote nchini, ni ya nyuzi za aina hiyo.

Akriliki ina manufaa yake, na si haki kuibeza. Bei yake ni nafuu, rangi yake haichujuki upesi, nondo hawaili, na mzazi huweza kuifua bila hofu ya kuona sweta la mtoto limerudi dogo. Kwa mwanafunzi anayevaa sweta moja siku tano kwa juma, hayo ni mambo ya maana.

Lakini kwa anayelala hemani na kuota moto kila jioni, tofauti kati ya nyuzi hizo mbili ni suala la usalama. Cheche ikiangukia sufu, sufu huungua polepole, hunuka na mara nyingi hujizima yenyewe. Cheche ikiangukia akriliki, nyuzi huyeyuka, hushika moto na huweza kuganda kwenye ngozi zikiwa bado moto. Vilevile sufu huweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya aliyeivaa kuhisi amelowa, jambo linalompa nafuu mtu aliyenyeshewa njiani.

Msafiri asiyejua uzi alionao ni wa aina gani anaweza kuupima. Hukata kipande cha urefu wa kidole, hukishika kwa koleo au kibanio juu ya sahani ya chuma, mbali na hema, kisha hukiwasha. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichopondeka. Jaribio hilo lifanywe na mtu mzima, maji yakiwa karibu.

Kutoka kwa kondoo hadi kwenye kijiti

Kwa bahati nzuri, njia ya kwenda Kegonga hupitia penye sufu. Anayetoka Nakuru anaweza kupitia Njoro na Molo, akaingia barabara kuu Mau Summit, kisha akateremka Kericho, Kisii na Migori kabla ya kukata kuelekea Kehancha na Kegonga. Ni safari ya siku moja kwa mwenye haraka, na ya juma zima kwa mwenye hema.

Njoro yenyewe ni ushahidi kwamba sufu ya Kenya haijakosa matumizi. Kikundi cha Kenana Knitters, kilichoanza hapo mwaka 1998, kimewapa akina mama wa vijijini kazi ya kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea na kufuma vikaragosi vya wanyama na mavazi yanayouzwa hadi nchi za nje. Kazi nyingi hufanywa nyumbani, baina ya kukama ng'ombe na kupika, jambo linalothibitisha kwamba ufumaji huweza kuendelea vipande vipande bila kuharibika.

Asiyetaka usumbufu anaweza kununua sufu iliyokwisha kuoshwa. Anayenunua manyoya ghafi kwa mfugaji ana kazi ya kufanya kabla ya kuanza safari. Kwanza huondoa sehemu chafu za tumboni na mkiani. Pili huloweka sufu iliyosalia katika maji ya moto yenye sabuni, bila kuikoroga. Baada ya kuiacha kwa muda huitoa taratibu, huisuuza kwa maji ya joto linalolingana na yale ya mwanzo, kisha huianika kivulini.

Onyo la kutoikoroga ni muhimu. Joto, sabuni na msuguano vikikutana, yale magamba ya sufu hufungamana na manyoya yote hugeuka kuwa kipande kimoja kigumu kama blanketi la farasi. Ndiyo sababu sweta la sufu lililofuliwa kwa maji moto na kusuguliwa hurudi likiwa dogo.

Uoshaji hupunguza uzito sana, kwani sufu ghafi hubeba mafuta, jasho na vumbi. Anayenunua kilo 2 asishangae kubaki na kilo moja na ushei. Hata hivyo, kiasi hicho kinamtosha: sweta la mtu mzima huhitaji takriban nusu kilo ya uzi, soksi jozi moja gramu 100, na kofia ya mtoto gramu 50 hivi. Mzigo mzima wa safari, pamoja na kijiti na sindano, unaweza kuwa mwepesi kuliko chupa ya maji.

Sufu ikikauka huchanwa kwa brashi mbili zenye meno ya waya, au kwa chanuo la kawaida lenye meno mapana, hadi nyuzinyuzi zielekee upande mmoja. Kazi hiyo pia ni bora ifanywe nyumbani, kwa kuwa vumbi na makapi huruka na upepo wa kambini hauna adabu.

Kinachobaki ni kusokota. Msokotaji hufunga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, huushikanisha na ncha ya sufu, kisha hukizungusha kijiti na kukiacha kining'inie. Mkono mmoja huvuta sufu kidogo kidogo, na mwingine huruhusu msokoto upande. Uzi ukirefuka hadi kijiti kukaribia ardhi, huviringwa kwenye kijiti na kazi huanza upya. Anayejifunza huona uzi ukikatika mara kwa mara, na mara nyingine ukiwa mnene kama mnyoo mahali pamoja na mwembamba kama unywele mahali pengine. Kijiti chenye uzito wa gramu 30 hadi 40 humfaa wa aina hiyo, kwani kikiwa kizito hukata uzi, na kikiwa chepesi huacha kuzunguka mapema.

Uzi mmoja haufai kufumwa peke yake kwa sababu bado unataka kujifungua. Nyuzi mbili zilizosokotwa kuelekea kulia huunganishwa kwa kusokotwa pamoja kuelekea kushoto. Misokoto hiyo miwili hupingana, na uzi hutulia. Kisha hulowekwa, hukung'utwa na kuanikwa kwenye kamba ya hema, pamoja na taulo na soksi.

Vitanzi gizani

Ufumaji wa sindano ni rahisi kueleza ingawa huchukua muda kuuzoea. Nguo iliyofumwa kwa mtambo, kama shuka au kanga, ina nyuzi zinazopishana wima na ulalo. Nguo iliyofumwa kwa sindano ni mfululizo wa vitanzi, kila kimoja kikivutwa ndani ya kingine. Kwa kuwa kitanzi huweza kupanuka na kurudi, sweta na soksi hufuata umbo la mwili, jambo ambalo shuka haliwezi.

Mitindo yote, hata ile yenye maua na misuko, hutokana na vitanzi viwili: kile kinachovutwa kutoka nyuma kuja mbele na kile kinachovutwa kutoka mbele kwenda nyuma. Aliyevizoea hana haja ya kutazama. Vidole huhesabu vyenyewe, na hiyo ndiyo faida yake kubwa penye giza, kwani tochi huzimwa na betri kuhifadhiwa.

Sindano si lazima zitoke dukani. Wakenya wengi walijifunza kufuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha, au kwa vijiti vya mwanzi vilivyosuguliwa kwa msasa. Spoki ina unene wa takriban milimita 2 na hufaa uzi mwembamba wa soksi. Uzi uliosokotwa na mwanafunzi ni mnene, na huhitaji sindano ya milimita 5 au zaidi. Kwa matumizi ya hemani, sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa waya unaopindika zina manufaa zaidi, kwa sababu hakuna moja inayoweza kuanguka na kupotea majanini.

Kazi ya kwanza isiwe sweta. Kofia hukamilika kwa jioni chache, huvaliwa usiku ule ule, na makosa yake hayaonekani sana. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hapana kazi inayolithibitisha hilo kama ufumaji: safu moja huchukua dakika chache, wala hakuna safu inayopotea kwa kusimamishwa katikati ili chai isichemke na kumwagika.

Anayetaka rangi hana haja ya kubeba makopo. Yale magugu ya maua madogo ya manjano yenye harufu kali, yanayojulikana na wakulima wengi kama bangi ya Mexico, huota kwa wingi mashambani na hutoa rangi ya manjano iliyokoza. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu. Sufu huchemshwa kwanza taratibu katika maji yenye shabu ili rangi ishike. Sufuria ya kazi hiyo iwe tofauti kabisa na ya kupikia, na maji yake yasimwagwe mtoni wala kisimani.

Kambi, mbung'o na nyavu

Kegonga haina kambi rasmi za mahema za aina ya zile za mbuga kubwa. Msafiri hupiga hema katika ua wa shule, kanisa, nyumba ya wageni au boma la mwenyeji, baada ya kuomba ruhusa. Eneo hilo la mpakani, baina ya Trans Mara na Tanzania, limewahi kukumbwa na wizi wa mifugo na mapigano ya koo. Kwa hivyo ni vyema mgeni ajulishe ofisi ya chifu mapema na afuate ushauri anaopewa. Miezi ya Machi hadi Mei huwa na mvua nyingi, na sufu iliyolowa hukawia kukauka.

Kijiti cha kusokotea husaidia pia katika kufahamiana. Mgeni mwenye kamera huwafanya watu wajihadhari; mgeni anayezungusha pia yenye uzi huwafanya waulize. Watoto huwa wa kwanza kufika, na baada yao huja akina mama, ambao wengine wana kazi zao za kroshia, vile vitambaa vya kufunika viti na meza vinavyopamba sebule nyingi nchini. Wazee nao hutambua mara moja kwamba msokoto wa uzi ni ule ule wa kamba ya katani ya kufungia ndama, ila ni mwembamba zaidi.

Kutoka Kegonga, msafiri anayeendelea kuelekea ziwani ana vituo viwili vyenye manufaa. Cha kwanza ni Thimlich Ohinga, takriban kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake za mawe, zilizojengwa bila saruji wala udongo na kufikia urefu wa zaidi ya mita 4 mahali pengine, ziliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Anayefuma ataona katika kuta hizo jambo analolifahamu: kila jiwe limeshikwa na mengine, bila gundi yoyote.

Cha pili ni Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Mbuga hiyo ya kilomita 120 za mraba ndiyo makao ya mwisho ya swala korongo nchini Kenya, na ina sehemu za kupiga mahema. Hapo msafiri anapaswa kuzingatia rangi ya sweta lake. Bonde hilo lina historia ndefu ya mbung'o, na mdudu huyo huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Hiyo ndiyo sababu mitego inayotumiwa kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sufu ya manjano ya magugu au ile isiyotiwa rangi kabisa ni salama zaidi.

Mwisho wa njia ni ufuoni, Homa Bay au Mbita, ambako wavuvi huketi mchana wakitengeneza nyavu zilizokatika. Kifaa chao ni kibao chembamba kilichoviringiwa uzi, na kazi yao ni kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi na kukaza fundo. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyavu za kitani kutoka ng'ambo ziliingia ziwani humo na kuchukua nafasi ya mitego mingi iliyosukwa kwa mimea. Baadaye nazo ziliondolewa na nailoni, unyuzi mwingine wa viwandani. Mvuvi alinunua uzi uliotengenezwa mbali, lakini ufundi wa kuurekebisha ulibaki mikononi mwake.

Hesabu ya kofia moja

Je, kusokota kwa mkono kunaweza kuwarudishia wafugaji wa sufu soko lao? Kwa kiwango cha taifa, la. Hakuna kijiti kinachoweza kushindana na mashine inayosokota tani nzima, wala mzazi anayenunua masweta matatu ya shule hatangoja yafumwe kwa mkono. Ushindani wa bei dhidi ya akriliki umekwisha kuamuliwa.

Lakini hesabu hubadilika pale ambapo kinachouzwa ni kazi ya mkono yenyewe. Sufu ya kofia moja humgharimu mnunuzi fedha chache, na sehemu kubwa ya thamani ya kofia hutoka katika saa za msokotaji na mfumaji. Mfugaji wa Molo akilipwa zaidi kidogo kwa sufu iliyonyolewa vizuri na isiyo na miiba, bei ya kofia huwa haijapanda sana, ilhali kwake huo ni uamuzi wa kubaki na kondoo wa sufu au kumpandisha na Dorper. Vikundi vya kazi za mikono vinavyonunua sufu ya karibu vimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Msafiri wa mahema anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe, kwa kuwa ameshika kila hatua. Anajua sufu ilitoka shamba gani, ilipungua kiasi gani ilipooshwa, na jioni ngapi zilikwenda kabla ya kofia kukamilika. Baada ya hapo ni vigumu kwake kuiona kofia ya sokoni iliyofumwa kwa mkono na kulalamika kwamba bei imezidi.

Na akirudi Nakuru kwa njia ile ile aliyojia, kilo moja aliyoondoka nayo huwa imegeuka: kofia imebaki Kegonga kwa mtoto wa mwenyeji, soksi ziko miguuni, na nusu ya sweta imo mfukoni, sindano zikiwa bado ndani yake, ikingoja jioni nyingine ndefu.